Pete 9 au pete 13? Naomba mwongozo kuhusu kukusanya takwimu za umri wa samaki

Mpimaji wa Mwaloni anauliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimekabidhiwa jukumu la kuandaa mpango wa kukusanya takwimu za umri wa samaki kwa ajili ya tathmini ya akiba, yaani wingi wa samaki waliomo majini, ya changu na chewa. Kwa miaka mitatu tumekuwa tukipima urefu na uzito peke yake, na sasa tumeanza kutoa otolithi, yaani vile vijiwe vya ndani ya sikio la samaki ambavyo hujijenga tabaka juu ya tabaka kadiri anavyokua. Tuna jozi zipatazo 600, kila moja ndani ya bahasha yake ndogo ya karatasi.

Yananitatiza mambo matatu. La kwanza, mkuu wangu wa kazi anauliza kwa nini tugharamie maabara ilhali urefu wa samaki tunao, na fomula za kuugeuza kuwa umri zipo; sikuwa na jibu la kumtosheleza. La pili, mimi na mwenzangu tulisoma otolithi za samaki 40 walewale, kila mmoja kwa wakati wake. Kwa samaki wadogo tulikubaliana bila shida, lakini kwa wakubwa mimi nilikuwa nikipata pete 9 pale ambapo yeye alipata 13 au 14, na kila mmoja anaapa kwamba anaziona. La tatu, wapo wanaosema kuwa katika maji ya joto, ambako hakuna majira ya baridi kali, pete za mwaka hazijengeki, kwa hiyo sote wawili tunahesabu kitu kisichokuwepo. Ningeshukuru kupata maoni ya waliowahi kuifanya kazi hii kwa mikono yao.

Msomapete anajibu:

Ndugu Mpimaji, swali la mkuu wako ni la haki, na ndilo litakaloamua kama maabara itapata fedha, kwa hiyo nitaanza nalo.

Samaki hukua haraka utotoni, kisha akishapevuka nguvu zake huenda zaidi kwenye mayai au shahawa kuliko kwenye mwili. Ukichora urefu wake dhidi ya umri, mstari hupanda kwa kasi halafu hulala. Pale ulipolala, chewa wawili wa urefu uleule wanaweza kuachana kwa miaka 10 au zaidi, na hakuna fomula itakayowatenganisha. Ni kama kukadiria umri wa binadamu kwa kumpima kimo: kwa mtoto utakaribia, kwa mtu mzima utakuwa unapiga ramli. Tena fomula anayoitegemea mkuu wako, bila shaka ile ya von Bertalanffy ya mwaka 1938, haikuzaliwa na vigezo vyake. Vigezo hupatikana baada ya mtu kusoma umri wa samaki halisi, au kwa kufuatilia vilele vya grafu ya urefu mwezi hadi mwezi, njia ambayo hufifia mara tu vilele vya marika ya wakubwa vinapoanza kufunikana. Ukiazima vigezo vya watu wengine, umeazima na makosa yao.

Hasara ya kuwakosea samaki wazee ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu umri wa juu kabisa unaopatikana katika akiba ndio hutumika kukadiria kasi ya vifo vya asili, yaani vifo visivyotokana na uvuvi. Kanuni moja inayotumika sana siku hizi huchukua umri huo, huupandisha kwenye kipeo cha −0.916, kisha huzidisha kwa 4.899. Samaki anayefikia miaka 10 hupata kiwango cha takriban 0.59 kwa mwaka, maana yake hata bila wavuvi karibu 45% hufa kila mwaka. Anayefikia miaka 30 hupata takriban 0.22, ambayo ni kama samaki mmoja kati ya watano. Anayefikia miaka 100 hupata 0.07 tu. Akiba ambayo hupoteza 45% kwa asili hujijaza upesi na inaweza kuvumilia kuvuliwa sana. Ile inayopoteza 7% haiwezi. Ukimpa samaki wa miaka 100 umri wa yule wa miaka 10, utaruhusu mavuno ambayo akiba haina uwezo wa kuyarudisha.

Hilo lilishatokea. Samaki wa kina kirefu ajulikanaye kitaalamu kama Hoplostethus atlanticus alianza kuvuliwa kwa wingi karibu na New Zealand kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadaye Australia, huku ikidhaniwa kuwa maisha yake ni ya miongo michache tu. Otolithi zake zilipokatwa na kusomwa kwa ndani, na umri huo kuthibitishwa kwa kupima madini ya risasi na radiamu yenye mnunurisho, ilibainika kuwa huishi zaidi ya miaka 100 na hupevuka akiwa na takriban miaka 30. Kufikia hapo akiba kadhaa zilikuwa zimeshavuliwa hadi zikabaki sehemu ndogo ya wingi wake wa awali.

Sasa hayo ya pete 9 na 13. Hukueleza mlizisomaje: zikiwa nzima ndani ya maji, au zimevunjwa, au zimekatwa? Naomba utujibu hilo kwanza, kwa sababu nina dhana yangu.

Mpimaji wa Mwaloni:

Mwalimu, umenigutusha. Mimi nilizisoma zikiwa nzima, zimelazwa kwenye kisahani cheusi chenye maji, taa ikipiga kutoka ubavuni. Mwenzangu alifundishwa kwingine. Yeye alivunja ile ya upande wa pili wa kila jozi na kuiunguza. Hatukuona kuwa jambo hilo lina uzito, kwa kuwa vijiwe vya kulia na vya kushoto ni vya samaki mmoja.

Msomapete:

Ndiyo dhana niliyokuwa nayo. Otolithi ya samaki mchanga hupanuka pande zote, hivyo pete zote huonekana kwa juu. Samaki anapozeeka, kijiwe huacha kurefuka na huanza kunenepa upande mmoja tu, ule wa ndani wenye mfereji. Pete mpya hurundikana pale, nyembamba na zilizobanana, na ukitazama kutoka juu zote zinajificha chini ya ukingo mmoja. Ndiyo maana mlikubaliana kwa wadogo mkaachana kwa wakubwa, na ndiyo maana aliyeachwa nyuma ni wewe.

Ifanye kazi hii mbele ya mkuu wako, naamini itamshawishi kuliko maandishi. Chukua otolithi ya samaki mkubwa, iweke mstari wa penseli kukatiza kiini chake, kisha ivunje kwa kucha au kwa wembe kwenye mstari huo. Shika nusu moja kwa kibano, upitishe uso uliovunjika juu ya mwali wa taa ya spiriti hadi ugeuke rangi ya kahawia kama karanga iliyokaangwa vizuri. Ukisubiri uwe mweusi umeshaiharibu, itageuka majivu na kumeguka. Ipake tone la mafuta, isimamishe kwenye kipande cha udongo wa kuchezea, uitazame kwa hadubini. Zile kanda angavu huungua zikawa nyuzi za kahawia iliyokolea, na utaziona zikipanda ngazi kwa ngazi kutoka kwenye kiini hadi pembeni mwa mfereji. Mkipata kifaa cha kukata chenye msumeno wa almasi, mtaigandisha otolithi ndani ya utomvu mgumu na kukata kipande cha unene wa milimita 0.3 hadi 0.5, hiyo ni bora zaidi kwa kuhifadhi na kupiga picha.

Wala msione aibu. Magamba ya silikanti, yule samaki wa kale wa kina kirefu, yalisomwa kwa miaka mingi ikaaminika kwamba huishi takriban miaka 20. Mwaka 2021 watafiti wakayatazama magamba hayo chini ya mwanga uliochujwa uelekee upande mmoja, zikajitokeza pete hafifu katikati ya zile zilizojulikana, na mkubwa kuliko wote katika sampuli yao akapewa miaka 84. Pete zilikuwepo siku zote; mwanga ndio haukuwepo.

Takwimu za Rika anajibu:

Nakubaliana na Mwalimu Msomapete, ila naomba nimzuie mtu yeyote asidhani kuwa mwenye pete nyingi ndiye mwenye ukweli. Kwamba mwenzako ameona 13 kunathibitisha kuwa ziko pete 13, hakuthibitishi kuwa imepita miaka 13. Mnaweza hata kukubaliana kwa kila kijiwe na mkawa mmekosea pamoja. Mwaka 1983 watafiti Beamish na McFarlane waliandika wakilalamika kuwa uthibitisho wa umri ni sharti lililosahauliwa katika sayansi ya uvuvi, na kwa maoni yangu malalamiko hayo hayajazeeka.

Hapa ndipo linapoingia swali lako la maji ya joto. Pete hujengeka huko pia. Utafiti mwingi wa samaki wa miamba ya matumbawe umeonyesha kanda za mwaka zilizo wazi kabisa, kwa sababu samaki hahitaji barafu ili ukuaji wake upungue: tofauti ya nyuzi chache za joto, majira ya mvua, upungufu wa chakula au msimu wa kutaga hutosha. Tatizo ni kwamba mahali penye misimu miwili ya mvua, au kwa samaki anayetaga zaidi ya mara moja kwa mwaka kama sato, pete zinaweza kuwa mbili kwa mwaka, au zikawepo za uongo katikati. Hilo halikisiwi, hupimwa.

Kipimo kilicho ndani ya uwezo wenu ni kufuatilia ukingo. Kila mwezi, kwa miezi isiyopungua 12, chukueni samaki wa marika machache, mpime umbali kutoka pete ya mwisho hadi ukingoni, na muulinganishe na upana wa pete iliyotangulia. Uwiano huo ukipanda polepole na kuporomoka mara moja tu kwa mwaka, pete ni ya mwaka. Ukiporomoka mara mbili, gawanyeni kwa mbili. Udhaifu wake ni kwamba hufanya kazi vizuri kwa wachanga, ambao nafasi kati ya pete zao ni pana. Kwa mzee wa pete 13 nafasi hiyo ni kama unywele, na kosa dogo la kupima humeza kila kitu.

Kwa wazee kuna njia mbili zenye nguvu zaidi. Unaweza kuwadunga samaki oksitetrasaikilini, kuwawekea alama ya nje na kuwaachia. Dawa hiyo hushikamana na kalisi na kuacha mstari unaong'aa njano chini ya mwanga wa urujuanimno, hivyo anapovuliwa tena baada ya miaka mitatu unatarajia pete tatu nje ya mstari. Njia ya pili hutegemea majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, ambayo yaliongeza kaboni-14, yaani kaboni yenye mnunurisho, angani na kisha majini. Kiini cha otolithi hubeba kiwango cha mwaka ambao samaki alianguliwa, nacho, kwa samaki wa baharini, hulinganishwa na kumbukumbu iliyomo katika matumbawe ya eneo hilohilo. Ni kwa njia hiyo ambapo mwaka 2019 samaki mmoja wa maji yasiyo na chumvi wa Amerika Kaskazini, aliyedhaniwa kuishi miongo miwili na ushee, alithibitishwa kufikia miaka 112. Gharama yake ni kubwa, lakini vijiwe vichache vilivyochaguliwa vizuri hutosha, na maabara za kupima hukubali kupokea sampuli kutoka mbali.

Sasa nikuulize: hizo jozi 600 zilipatikanaje?

Mpimaji wa Mwaloni:

Dada Takwimu, nasema kweli: zilitoka kwa samaki waliopatikana. Nyingi ni za mwalo mmoja, za mishipi, na karibu zote za miezi minne ya kwanza ya mwaka, kwa sababu fedha ziliishia hapo. Wachuuzi hawakupenda tuwapasue samaki wakubwa vichwa, kwa hiyo tulipata wadogo wengi zaidi.

Takwimu za Rika:

Ahsante kwa kusema kweli, wengi huficha hilo hadi ripoti inapochapishwa. Vijiwe vyako si vya kutupa, ila haviwezi peke yake kusimama kama picha ya akiba.

Utaratibu wenye nafuu ni kugawa kazi mara mbili. Urefu ni rahisi, kwa hiyo pimeni maelfu ya samaki kwa mpangilio wa kubahatisha, kutoka zana zote na mialo yote muhimu, mwaka mzima. Umri ni ghali, kwa hiyo toeni otolithi kwa mafungu ya urefu: kwa mfano samaki 10 hadi 20 kwa kila sentimita mbili, kwa kila msimu, na msisitize mafungu ya wakubwa ambao ni adimu. Kisha mnaunda jedwali la umri kwa urefu. Tuseme katika fungu la sentimita 40 umesoma samaki 20, ukapata 5 wa miaka minne, 10 wa miaka mitano na 5 wa miaka sita. Basi kama mavuno yote yalikuwa na samaki 2,000 wa fungu hilo, unawagawa 500, 1,000 na 500. Ukishafanya hivyo kwa kila fungu, umeugeuza urefu wa mavuno kuwa umri wa mavuno.

Jedwali la mwaka huu lisitumike mwaka kesho. Nimeona kosa hili likirudiwa na watu wenye shahada za kutosha. Samaki wanaoanguliwa hawalingani kila mwaka; kuna mwaka karibu wote hufa wakiwa viluwiluwi, na kuna mwaka unaotoa rika kubwa linaloonekana katika mavuno mwaka baada ya mwaka kama uvimbe unaosogea. Mtafiti wa uvuvi Johan Hjort, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1914, alionyesha jinsi heringi wa Norwei walioanguliwa mwaka 1904 walivyotawala mavuno kwa miaka mfululizo. Rika kama hilo likiwa na miaka sita, fungu la sentimita 40 litajaa wenye miaka sita. Mwaka unaofuata litakuwa limesonga mbele, na jedwali la zamani litakuwa likiwazaa upya samaki ambao hawapo. Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati ya kuwa na neno rika, kwani ndiyo dhana nzima ya takwimu hizi: kujua nani aliingia na nani, na wamebaki wangapi.

Kuhusu wachuuzi, otolithi hutolewa pia kupitia chini ya matamvua bila kuharibu sura ya samaki. Inahitaji mazoezi ya siku chache, na ikishindikana nunueni vichwa.

Jahazi Dogo anajibu:

Naomba kuongeza machache ambayo hayakuguswa. Kwa dagaa, msihangaike na pete za mwaka. Wengi wao huishi muda mfupi mno, na kinachohesabiwa ni pete za siku, ambazo mtafiti Pannella alizitangaza mwaka 1971. Lakini kusugua kijiwe cha dagaa hadi pete za siku zionekane ni kazi ya kutoa machozi, na kwa usimamizi wa kawaida urefu uliopimwa kila mwezi hukidhi haja. Kwa papa na taa hakuna otolithi ya kusoma. Hutumika pingili za uti wa mgongo, nazo zimethibitika kupunja umri wa wazee. Kwa kambare, chukueni kile kijiwe kiitwacho lapilasi, si sagita mliyoizoea kwa changu.

Je, mmefikiria programu za kompyuta zinazosoma picha za otolithi, au ule upimaji wa mwanga wa infraredi? Nasikia vinasoma kwa sekunde.

Msomapete:

Vinasoma kwa sekunde baada ya kufundishwa kwa maelfu ya vijiwe vilivyosomwa na binadamu. Ukiifundisha programu kwa usomaji wa Ndugu Mpimaji wa kabla ya leo, itasema 9 kwa kasi ya ajabu.

Kwa hiyo tuanze na wasomaji. Msisome mkiwa mnajua urefu wa samaki, maana jicho huona linachotarajia. Maandishi ya bahasha yafichwe, zipewe namba za kuchanganya, na kila kijiwe kisomwe mara mbili na watu wawili. Matokeo ya msomaji mmoja yachoreni dhidi ya mwenzake, umri kwa umri, ili ionekane kuanzia wapi mmoja anaachwa nyuma. Tofauti ya wastani ikiwa karibu na 5% maabara nyingi huridhika, ingawa kwa samaki wa kusomeka kwa taabu kiwango hicho ni kigumu kufikiwa. Tengeni pia vijiwe kama 200 viwe mkusanyiko wa rejea, mvisome upya kila mwaka kabla ya kuanza vipya, kwa sababu msomaji hubadilika bila kujijua.

Kwenye kila bahasha iandikwe aina, tarehe, mwalo, zana, urefu pamoja na namna ulivyopimwa (hadi ncha ya mkia au hadi panda yake), jinsia na hali ya mayai. Kwa chewa jinsia si pambo: wengi huanza majike na baadaye hugeuka madume, na ukivua wakubwa unavua madume. Otolithi ifutwe utando na damu kwa maji ikiwa bado mbichi, ikaushwe, ndipo iingie kwenye bahasha. Isiguse formalini, ambayo ikichachuka hula kalisi hadi usibakiwe na kitu.

Mpimaji wa Mwaloni:

Narudi baada ya wiki mbili. Tumezivunja na kuziunguza zile 40, na mkuu wa kazi alikaa kwenye hadubini karibu saa nzima. Ameridhia tununue msumeno, na mpango wa miezi 12 umeandikwa upya kwa mafungu ya urefu. Kwa otolithi 34 sasa mimi na mwenzangu hatupishani zaidi ya pete moja. Namba 31 ndiyo inayotushinda: pete 13 ziko wazi, kisha ukingoni kuna uzi mwembamba ambao yeye anauhesabu kuwa wa 14 na mimi naona ni mwanga tu.

Takwimu za Rika:

Hapo jibu haliko kwenye hadubini. Maabara nyingi huchukua 1 Januari kuwa siku ya kuzaliwa ya samaki wote, ili rika lisigawanyike. Kwa hiyo uzi wa ukingoni huhesabiwa au huachwa kulingana na mwezi aliovuliwa na mwezi ambao pete hukamilika. Bahasha inasema alivuliwa lini?

Mpimaji wa Mwaloni:

Bahasha ililowa damu. Mwaka unasomeka, mwezi hausomeki.

Takwimu za Rika:

Basi andika pete 13, uweke alama ya ukingo usiojulikana, na isiingie kwenye uchambuzi wa ukingo.